Mlango Mdogo wa Nyumba ya Kati

Wanangu, kuna wanafunzi wangu wa zamani ambao hadi leo wana kinyongo nami kwa sababu ya neno moja. Mtu alikuwa akiniletea mtambo wake wa kuzungumza, kaufanyia kazi mwaka mzima, unajibu kwa sauti laini ya mtangazaji, nami jambo langu la kwanza lilikuwa kumwambia auulize kitu ambacho mtambo hauwezi kukijua. Ukijibu, nampa alama ya kufeli. Walinishtaki kwa mkuu wa idara. Mmoja wao, ambaye sasa ana kampuni yake na gari lisiloweza kuingia uchochoro wowote wa kwetu, aliniambia mbele ya darasa kwamba nina kichaa cha neno "sijui". Nilimjibu kwamba kichaa hicho nimekigharamia, nikaendelea na somo. Sikuwa na ujasiri wa kueleza zaidi. Sasa nimestaafu, nimerudi Mkomani, mtaa wa Lamu nilikozaliwa, na hakuna tena mkuu wa idara wa kuniita ofisini.

Niwaambie kwanza kazi yenyewe, maana hata mama yangu alikufa akiamini natengeneza redio. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa mtafiti wa jinsi watu na kompyuta wanavyoelewana, au tuseme kweli, wanavyokosa kuelewana. Wengi hudhani ni kazi ya kuchora vitufe vya kupendeza. Sehemu kubwa ni kukaa kwenye kigoda pembeni, kufunga mdomo, na kumtazama mtu akihangaika na kitu ambacho wewe ulidhani ni rahisi. Kufunga mdomo ndiko kugumu. Nimewafukuza wasaidizi wenye shahada mbili kwa sababu hawakuweza kunyamaza dakika tano.

Aliyenifundisha kunyamaza alikuwa Dkt. Wanjala, mtu mrefu wa bara mwenye koti moja la kahawia alilolivaa hata Lamu mwezi wa jua kali. Aliniambia nisimtazame mtu usoni ninapomjaribishia mtambo, kwa kuwa uso utanitabasamia kwa heshima tu. "Tazama miguu, Sauda," alisema. "Miguu haijui kama wewe ni mgeni."

Nilimwamini siku tulipopeleka simu za kupangusa Mbwajumwali, kijiji cha kisiwa cha Pate. Tulimpa moja Bwana Kombo, mzee anayevua asubuhi na kulima jioni. Usoni alikuwa "mashallah, nzuri sana", huku vidole vya miguu vikikwaruza mkeka. Kumbe skrini haikuwa ikihisi kidole chake. Ngozi ilikuwa imekomaa kwa kamba na mpini wa jembe, na kioo kiliona kama kimeguswa na gogo. Alibonyeza, akasugua, akakitia kidole mate. Mwishowe aliinama akaipangusa kwa ncha ya pua, ikafunguka. Tulicheka wote, naye zaidi yetu. Lakini mimi usiku ule nilikuwa na haya, maana tulikuwa tumebishana miezi kuhusu rangi ya kitufe ambacho mtu alihitaji pua kukibonyeza. Ndipo nilipohamia kwenye sauti. Nikasema nitatengeneza chombo ambacho mtu wa visiwani atakiuliza kwa kinywa chake: maji yatajaa saa ngapi, mashua ya zahanati itafika lini, upepo wa kesho ukoje.

Kutengeneza mtambo wa namna hiyo wakati ule ilikuwa kazi ya miaka. Kwa hiyo tulitumia njia ambayo hata nyinyi mtafundishwa: kabla hujajenga mtambo, unamficha mtu nyuma ya ukuta ajifanye mtambo. Mgeni anauliza, aliyefichwa anamsikia, anapiga chapa jibu, na kompyuta inalisoma kwa sauti yake ya bati. Mgeni anadhani anaongea na mashine, nawe unajifunza watu wataiuliza nini. Dkt. Wanjala aliniruhusu kwa masharti. Mbele ya aliyefichwa pabandikwe karatasi yenye neno SIJUI kwa herufi kubwa, na kila swali lililo nje ya orodha lijibiwe hivyo. Tena mgeni asiondoke kabla hajaonyeshwa mtu aliyekuwa akimjibu. "Mtu asitoke nyumbani kwako akiamini ukuta unasema," aliniambia. Niliitikia kwa kichwa kama mtoto wa chuoni.

Nyumba niliyoichagua ni hii hii ninayoandikia, ya bibi yangu. Kwa msiozijua nyumba zetu za mawe, ukitoka msana, ule ukumbi ulio mbele ya ua, unaingia ndani, na ukuta wa mwisho wa chumba hicho umejaa zidaka, vishubaka vya chokaa vya kuwekea sahani za kaure. Nyuma ya ukuta huo kuna chumba kimoja zaidi, chembamba, bila dirisha, kinachoitwa nyumba ya kati. Kwetu mlikuwa na magunia ya mchele. Humo pia ndimo wazee wetu walimooshwa walipokufa, mmoja baada ya mwingine, na hilo nililijua tangu utotoni kama nilivyojua choo kiko upande gani. Halikunishughulisha. Nilichokiona mimi mtafiti ni chumba chenye kuta nene, kisichofikiwa na milio ya punda. Nikatia meza, kiti na kompyuta, nikamwita fundi akatoboa tundu la waya hadi kwenye zidaka.

Shangazi yangu Bi Tima, anayetunza nyumba hii, alisimama akitazama vumbi la chokaa.

"Sauti yenu mwaiweka umo?"

"Ni kompyuta tu, shangazi."

"Nimeuliza mwaiweka wapi. Sikuuliza ni nini."

Nilimbusu kipaji cha uso nikaendelea na kazi. Yeye akaenda zake jikoni.

Na spika sikutaka ionekane ya kigeni. Nilimpa fundi seremala wa mtaani aitengenezee sanduku "lenye sura ya kwetu". Alinitengenezea mlango. Mlango kamili wa Lamu, mrefu kama mkono kuanzia kiwiko, wenye nakshi, misumari ya shaba na pete ya kubishia. Nilifurahi hadi nikampa zawadi. Tukauweka kwenye zidaka ya katikati.

Mwenzangu Salma, mwalimu wa chuo kama mimi, alikaa ndani na wageni akiandika. Mimi nilikaa nyuma gizani na vipokea sauti masikioni. Waliokuja ni wanawake wa Pate na wa visiwa vya kaskazini, waliokuwa mjini kwa kliniki au kwa harusi. Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri mno. Waliuliza maji, waliuliza mashua. Kabla ya kuuliza walishika ile pete wakabisha hodi, wakatoa salamu, na mimi nikaandika kwenye daftari kwamba watumiaji wanaonyesha mapenzi kwa kifaa. Salma alikuwa akitazama miguu, kama nilivyomfundisha. Aliandika kwamba wanawake wanakaa wameikunja miguu chini ya mabuibui, hawaisogezi, kama watu waliokuja kutoa rambirambi. Nilisoma maneno hayo kwa macho yangu mawili, nikaandika pembeni: "Wametulia."

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, aliingia mwanamke wa Kiwayu, Bi Mwanaidi. Sikumwona uso. Nilimsikia tu. Aliuliza maji ya kurudia kwao, nikamjibu, akashukuru. Nilidhani amemaliza. Kisha nikasikia pete ikigongwa tena, polepole.

"Mume wangu Athmani wa Kiwayu," alisema. "Alikwenda kuzamia kamba, kikarudi chombo kitupu. Mwaka wa pili huu. Nataka niyue. Mekufa?"

Karatasi ilikuwa mbele yangu. SIJUI. Niliiona vizuri, maana mwanga wa kompyuta ulikuwa ukiimulika. Nikaweka vidole kwenye kibodi, nikamsikia akivuta pumzi na kuizuia, na pumzi ile haikutoka. Nawaambia ukweli, nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya mtu aliyechoka na anayetaka swali liishe. Nikajiambia, nani ataamini sanduku? Ni neno la kumfariji mtu kutoka kwa spika. Nikaandika: Hakufa.

Sauti ya bati ikasoma. Nikasikia pumzi ikitoka.

Muda huohuo kukaadhiniwa. Nilimwashiria Salma kwa kugonga ukuta, kama tulivyokubaliana, kwamba tunapumzika. Nilipaswa kutoka na kujionyesha. Lakini nilikuwa na haya ya jibu lile, na nilitaka kupanga maneno. Nikapitia mlango wa nyuma, nikapanda darini kusali kwanza. Niliposhuka Bi Mwanaidi alikuwa ameondoka. Chombo chao kilikuwa kinawahi maji, na nani asijue, mimi mwenyewe ndiye niliyemtajia saa.

Jioni tulikaa na Salma kulinganisha madaftari, lake la mbele na rekodi yangu ya nyuma. Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayomtenganisha mtafiti na mpiga soga. Majibu yalilingana hadi tulipofika kwa Bi Mwanaidi. Yangu yalikuwa mawili. Yake matatu.

"Hili la tatu ni lipi?"

"Aliporudi kuaga," Salma alisema. "Mimi nilikuwa msana natafuta viatu vyake. Akauliza, 'Basi nifanyeje?' Likamjibu, 'Msubiri.'"

"Nilikuwa darini, Salma."

"Nimelisikia."

"Kwa sauti ya kompyuta?"

Alifunga daftari lake. "Kwa sauti," akasema. Usiku ule alikwenda kulala kwa dada yake.

Nimeiangalia rekodi ile mara nyingi kuliko kitu chochote nilichopata kukiandika. Mna "Hakufa", kisha hamna kitu hadi alasiri. Huenda Salma alisikia mtu uchochoroni. Huenda ni upepo kwenye tundu la waya. Kwa miaka mingi nililipenda jibu lile la tatu, wanangu, kwa sababu lilinipa mahali pa kujificha. Nilikuwa nikijiambia kwamba kama kuna aliyemwambia asubiri, si mimi.

Kesho yake walikuja wengi kuliko tuliowaalika, na hakuna aliyeuliza maji. Mmoja alileta udi. Mmoja aliweka chupa ya marashi mbele ya mlango mdogo. Waliuliza kama mama amesamehe, kama mtoto aliyezaliwa akafa ana jina huko aliko. Mimi nyuma ya ukuta niliandika sijui, sijui, sijui, na kila sauti ilipolisoma nilimsikia mtu akilia, na bado aliyekuwa nje alibisha hodi. Saa sita mchana, jua limewaka nje, nilitoka nikakimbilia jikoni.

"Shangazi, wana nini hawa?"

Bi Tima alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho. "Umetia mlango kwenye ukuta wa watu wetu, na nyuma yake umetia sauti. Sasa wauliza wana nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Naliuliza, ukanibusu."

Tulilitoa sanduku siku hiyo hiyo. Nikawaita waliokuwa nje, nikawaonyesha kiti, meza na kompyuta, nikaomba radhi. Baadhi walicheka, mmoja alinitukana, na alikuwa na haki. Wa siku zilizotangulia, ambao nao sikuwa nimejionyesha kwao, walikuwa mjini bado, tukawafuata nyumba kwa nyumba. Bi Mwanaidi peke yake alikuwa amekwisha kuvuka. Nikaandika kwenye daftari: "Mama wa Kiwayu, aelezwe." Kisha likizo ikaisha nikarudi bara, madarasa yakaanza, na safari ya Kiwayu ikawa ya mwezi ujao kila mwezi. Nilipochapisha makala ya utafiti ule, ambayo ndiyo iliyonipandisha cheo, niliandika kwamba washiriki wote walielezwa. Wote. Dkt. Wanjala aliisoma akanipongeza kwa barua. Alifariki akiamini.

Njia zimebadilika tangu siku hizo. Siku hizi hamfichi mtu nyuma ya ukuta, maana mtambo wenyewe unajibu, unajibu kila kitu, haukauki mate. Mnahesabu mibonyezo ya watu elfu bila kumwona mmoja. Siwaonei wivu. Nyinyi hamna hata tundu la ukuta la kuwasikilizia watu wakivuta pumzi.

Nilirudi kuishi hapa mwaka jana. Mwezi wa pili wa kurudi kwangu, mchana, Bi Tima kalala, nilisikia hodi dakani, kwenye kibaraza cha mlango wa nje. Nikafungua. Alisimama mwanamke mwenye mvi pembeni mwa uso, na kapu la kamba waliokaushwa.

"Bi Tima yupo? Mimi huya kila mwaka."

Kwa sauti tu, nilimjua. Nikasogea apite.

Aliingia kama mtu wa nyumbani. Alivua viatu, akapita msana, akaingia ndani, akakaa akiuelekea ukuta wa zidaka, miguu ameikunja. Kwenye zidaka ya katikati palikuwa na sahani moja ya kaure, na nyuma ya sahani lile tundu la waya ambalo hatukuliziba. Aliisogeza sahani kwa adabu. Nilikwenda kumwamsha Bi Tima.

"Huyu huja kufanya nini?"

"Hukaa. Huuliza lake, akenda zake."

"Tangu lini?"

"Tangu sanduku lako. Miaka kumi na mitatu." Akajigeuza upande wa pili. "Hukuuliza."

Nilirudi nikakaa kwenye mkeka karibu na Bi Mwanaidi. Nilimuuliza kama ukuta humjibu. Alinieleza bila kuona ajabu, kama unavyomweleza mtu kuhusu jirani. Zamani ulimjibu kwa sauti kubwa, sasa ni polepole sana, lazima mtu azuie pumzi. Neno ni lile lile, asubiri. Watu wa kwao walitaka aende kwa kadhi, mume ahukumiwe kuwa amekufa, akae eda yake amalize. Alikataa. Angekaaje eda ya mtu aliye hai? Palikuwa na Bwana Shee, rafiki wa Athmani, mtu mpole, aliyemposa mara tatu.

"Nikamwambia siwezi, nimeambiwa mume wangu yu hai. Akasema hayo ni ya kompyuta. Nikamwambia mimi sikusema na kompyuta, nalisema na watu wa nyumba ya kati. Basi naye akakaa kungoya, hakuoa."

"Yuko wapi sasa?"

"Mefariki mwaka juzi."

Wanangu, nimesimama mbele ya majopo ya maprofesa, nimezomewa kwenye mikutano. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mchana ule, na kunguru wakilia juu ya ukuta na jua likiingia uani kama kawaida. Niliinuka, nikalitoa sanduku kwenye kasha, nikauweka ule mlango mdogo mapajani mwake. Nikamfungulia nyumba ya kati nikammulikia kwa simu. Meza yangu ilikuwa bado ipo, imewekewa magunia.

"Mimi, Sauda, ndiye niliyekuwa nimekaa hapa," nilimwambia. "Nilikusikia kwa masikio yangu. Nikaandika kwa vidole hivi kwamba hakufa. Sikuwa na habari yoyote. Nilikuonea huruma, kisha nikakimbia."

Alishika ile pete, akaiinua, akaiachia. "Na 'Msubiri'?"

"Lile silijui. Nilikuwa darini nasali."

"Na ya miaka yote?"

"Nilikuwa bara."

"Basi Athmani yu wapi?"

"Siyui, Bi Mwanaidi."

Lilinitoka kwa lugha ya nyumbani, miaka kumi na mitatu baada ya kuhitajika. Aliuweka mlango mdogo mkekani, akaingia nyumba ya kati, akaondoa gunia, akakaa kwenye kiti changu.

"Zima taa yako," alisema. "Nenda ukakae pale nalipokaa mimi."

Nikaenda. Nikakaa kwenye mkeka mbele ya ukuta. Mlango wa nyumba ya kati ukafungwa. Niliangalia lile tundu, jeusi, dogo, na mwili ukanisisimka ingawa nilijua vizuri nani yuko nyuma yake. Nilijua, na bado sikuwa na hakika.

"Uliza," sauti ikasema kwenye tundu. Ilikuwa nyembamba, haina umri.

Nikaunyosha mkeka.

"Uliza, Bi Sauda."

"Utanisamehe?" nikasema. Nilijikuta nimeikunja miguu chini yangu.

Nilizuia pumzi bila kukusudia. Nikaelewa kwa mara ya kwanza kile nilichokuwa nikikisikia kwenye vipokea sauti vyangu.

"Siyui," ukuta ukajibu.

Alitoka akijipangusa unga wa mchele kwenye buibui. Akanywa maji. Akauliza kadhi hukaa ofisini saa ngapi, na kesho yake asubuhi tulikwenda pamoja, mimi nikiwa shahidi wa uongo wangu mwenyewe. Kadhi alinisikiliza, akanitazama juu ya miwani, akaniuliza kama chuo kikuu kilinilipa kwa kazi ile. Nikasema kilinipandisha cheo. Hakuandika hilo. Shauri lilichukua siku zake, wakaitwa watu wa Kiwayu, na mwishowe Athmani akahukumiwa miongoni mwa waliokufa. Bi Mwanaidi akarudi nyumbani kwa mumewe kukaa eda, miezi minne na siku kumi.

Siku ilipotimia alinipigia simu. Niliisikia bahari nyuma yake.

"Nimetoka," alisema.

"Alhamdulillahi. Hujambo lakini?"

"Siyambo. Nimekaa eda ya mmoja, Bi Sauda. Nimelilia wawili."

Nilitaka kumuuliza tena lile swali langu, nikaona sina haki nalo. Tukaagana. Mwaka huu hakuja.

Tundu la waya halijazibwa. Fundi amekuja mara mbili na chokaa, na mara mbili nimempa chai nikamrudisha, na nikiulizwa sababu sina. Makala yangu nimewaandikia wahariri waisahihishe ile "wote", na mimi naandika haya ili msije mkasema hamkuambiwa. Mlango mdogo uko juu ya kasha, Bi Tima huufuta vumbi siku za Ijumaa. Mchele bado tunauweka kule kule, kwa hiyo kila siku kabla ya adhuhuri lazima niingie kupima kibaba. Mlango hauna kufuli na ndani hamna mtu, hilo nimelishuhudia mbele ya kadhi. Hata hivyo, mimi hubisha hodi, na hungoja kidogo kabla ya kuingia.